Bromelia yako inanyauka? Usiimwagie maji kabla ya kusoma hapa

Jumamosi asubuhi ndiyo siku yangu ya wagonjwa. Mtu anapiga hodi langoni, amekumbatia chungu, na kabla hajaketi ameshasema: "Yaya, angalia, maua yangu yanakufa." Namuuliza ameyafanyia nini. "Nimeyapa maji." Mara ngapi? "Kila siku, yaya! Sijaruka hata siku moja." Hapo navuta kiti, maana nusu ya ugonjwa nimeshausikia.

Nanasi kila mtu hapa Lubumbashi analijua. Bromelia ni ukoo wa nanasi: majani magumu yamepangwa duara, na yanapokutana chini yanafanya kikombe. Ukoo wote asili yake ni Amerika, isipokuwa aina moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye miamba ya Guinea, Afrika Magharibi. Zinazonifikia mimi ni tatu hasa: Guzmania yenye nyota nyekundu, Vriesea yenye ua bapa kama upanga, na Aechmea fasciata yenye majani ya kijivu na ua la waridi.

Porini nyingi za jamii hii hukaa juu ya matawi ya miti. Si kupe, haziunyonyi mti. Ni wapangaji. Mizizi inashika gome ili mmea usianguke, lakini kinywa kiko juu, kwenye kikombe na kwenye majani yenyewe, ambayo yana vigamba vidogo sana vya kufyonza maji na chakula. Kwa hiyo anayelowesha udongo kila siku na kuacha kikombe kikavu ni kama mtu anayemwosha miguu mgeni mwenye kiu.

Mgonjwa akiletwa, nachungulia kikombe, nalivuta jani la katikati kidogo, kisha nachomeka kidole kwenye udongo. Fanya hivyo nawe kabla ya kuendelea kusoma.

Nyota nyekundu inafifia, majani ya chini yanakauka moja moja

Ikiwa jani la katikati limeshika vizuri na mmea ulishachanua, huna mgonjwa. Una mama aliyejifungua.

Ule wekundu si ua, ni majani yaliyovaa rangi. Maua yenyewe ni madogo, meupe au ya manjano, yanachungulia katikati na kuondoka haraka. Wekundu hudumu miezi kadhaa, kisha unageuka kijani kilichochujuka, kisha kahawia, na mmea ule hautachanua tena maisha yake yote. Umeona mgomba ukishatoa mkungu? Ni jambo lile lile. Mama anazeeka polepole, mwaka au zaidi, huku akilea machipukizi pembeni. Kata shina la ua lililokauka karibu na kikombe, endelea kuweka maji, subiri. Bromelia mbili nilizo nazo barazani nimeziokota jalalani, kila moja ikiwa na watoto wawili ubavuni. Mwenye nazo alidhani zimekufa.

Jani la katikati linang'oka ukiligusa

Huyu sasa ni mgonjwa kweli. Ukilivuta linatoka bila kubisha, mwisho wake ni kahawia na laini, na linatoa harufu kama ya muhogo uliosahauliwa kwenye maji. Moyo umeoza. Mmea huo hautaongeza jani jingine, lakini unaweza bado kuzaa, kwa hiyo usiutupe. Umwage maji yote kwa kuupindua chini juu, utoe yaliyooza, uusafishe kwa maji safi, kisha uuache kikombe kikavu mahali penye hewa. Halafu tafuta sababu, maana usipoijua utamuua na mtoto.

Kama ni Juni au Julai, shuku baridi. Wageni hawaamini, lakini mji huu uko juu mita 1,200 na zaidi, na usiku wa kiangazi vipimo huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Bromelia hizi ni za joto. Kikombe kilichojaa maji baridi usiku kucha barazani kinaoza kuanzia ndani. Miezi hiyo iingize ndani, na kikombe kibaki na maji ya upana wa kidole kimoja tu. Usiku ukiwa wa kutetemeka, kimwage kabisa.

Kama si baridi, angalia umeipanda wapi. Tuna mazoea ya udongo wa kichuguu, na kwa mboga una sifa zake. Kwenye chungu cha bromelia ni saruji: unashikana, unabana hewa, unabaki na maji siku nyingi, na mara nyingi una chokaa ambayo mmea huu hauipendi. Kibaya zaidi ni mtu kuizika bromelia mpaka majani ya chini yameingia udongoni ili "isimame imara". Shingo ikifukiwa inaoza. Ikiyumba, ifunge kwenye kijiti mpaka mizizi ishike.

Mchanganyiko wangu ni wa bei ya bure. Sehemu mbili makala, yaani makaa, vile vipande vidogo vinavyobaki chini ya gunia ambavyo havifai kwa mbabula (jiko la makaa), nimevichekecha na kuvisuuza mpaka maji yasiwe meusi, kwa sababu vumbi na majivu yana magadi. Sehemu moja tofali la kuchoma lililopondwa ukubwa wa punje za mahindi. Sehemu moja majani yaliyooza vizuri chini ya mwembe. Ukimwaga maji juu yanatokea chini papo hapo, ndivyo inavyotakiwa. Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Udongo wa namna hii nauwekea maji pale tu kidole kinapoukuta mkavu, lakini kikombe hakikosi.

Sababu ya tatu nimeiona mara nyingi kuliko baridi: punje za mbolea ya mahindi kikombeni. Mtu ana 17-17-17 iliyobaki shambani, anasema ngoja na maua yale. Punje zinayeyuka mahali pale pale jani changa linapozaliwa, zinaliunguza. Ukitaka kulisha, yeyusha kidogo sana ya mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, mwezi mara moja msimu wa mvua, na uimwagie kwenye udongo.

Kila kitu kiko sawa, lakini moyo umeoza na ncha ni nyeusi

Hapa ndipo mji wetu unapokuwa na ugonjwa wake wenyewe.

Mwaka fulani jirani alimwoza binti yake, na katika zawadi kulikuwa na Guzmania nzuri, nyekundu, imewekwa ndani ya chungu cha shaba kilichofuliwa kwa nyundo, chenye picha ya mama anayetwanga. Mkoa huu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997; kitu cha shaba kwenye sebule ya Mlushi, mtu wa Lubumbashi, ni kama kitambaa kwenye kochi. Baada ya wiki sita akaniletea mmea peke yake, umepauka, ncha zimekuwa nyeusi, jani la katikati linatoka. Udongo mzuri. Kikombe kilikuwa na maji. Baridi haikuwepo, ulikuwa mwezi wa Februari. Sikuelewa mpaka nilipokwenda nyumbani kwake na kuona chungu chenyewe. Chini kulikuwa na maji ya vidole viwili yaliyochuruzika kutoka kwenye plastiki, na ukingo wa maji ulikuwa umechora mstari wa kijani kwenye shaba. "Nayachota haya nayarudisha juu," akaniambia. "Si unajua maji yanavyokatika huku?" Alikuwa mama mwangalifu. Kila siku alimnywesha shaba.

Kwa bromelia shaba ni sumu, hata kidogo. Watu waliwahi kuitumia hivyo kwa makusudi. Huko Trinidad, miaka ya 1940, mbu wa malaria walikuwa wanazaliana ndani ya vikombe vya bromelia zilizojaa kwenye miti ya kivuli ya mashamba ya kakao. Waliokuwa wakipambana na malaria walinyunyizia miti hiyo mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Bromelia zikafa, miti ikabaki.

Basi ukikosa sababu nyingine, zunguka nyumba ukitafuta shaba. Chungu cha shaba, hata kama mmea uko ndani ya plastiki, usigusane na maji yake. Waya wa umeme uliochunwa na kutumiwa kufungia Tillandsia, bromelia nyingine, kwenye gogo: hilo kosa ni langu mwenyewe, niliona waya unang'aa, nikaona utapendeza, na ndani ya miezi miwili nilikuwa na gogo tupu. Tumia uzi wa kuvulia samaki au soksi ndefu ya nailoni iliyokatwa. Halafu kuna dawa ya ukungu ya nyanya. Ule unga wa bluu au kijani wanaopulizia bustanini una shaba. Kwenye paketi tafuta neno *cuivre*, na ukiliona, bromelia ikae mbali hata upepo usiifikishie. Mbao zilizotibiwa dhidi ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, nazo mara nyingi zina shaba. Usizitumie kutengenezea kikapu cha kuning'iniza.

Aliyekwisha kula shaba mwoshe kikombe mara tatu au nne kwa maji ya mvua, mbadilishie udongo wote na chungu. Moyo haurudi. Yule wa jirani alitoa mtoto mmoja miezi minne baadaye, upande wa nyuma ambao hatukuwa tukiutazama.

Ncha za majani ni kahawia na kavu, lakini moyo ni mzima

Hili halina haraka. Angalia birika lako kwanza. Kama ndani lina ukoko mweupe, maji yako yana chokaa, na chokaa hiyo hiyo inabaki kikombeni kila maji yanapokauka, inakusanyika, inachoma ncha. Wenye visima vya kuchimbwa kwa mashine mnaijua sana. Maji ya mvua ndiyo dawa. Msimu wa mvua jaza mabidoni, uyafunike, uyaweke gizani. Ila mvua ya kwanza ya Oktoba iache ipite: inaosha vumbi na moshi wa miezi mitano kutoka juu ya bati, na vumbi la mji wa migodi si la kunywesha mmea huu. Ya tatu au ya nne ndiyo unayoikinga.

Kama birika ni safi, ni hewa. Septemba na mwanzo wa Oktoba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, na kikombe kinakauka kabla hujageuka. Kijaze mara nyingi zaidi, sogeza mmea mbali na jiko. Ncha iliyokufa kata kwa mkasi kwa mshazari ukiacha uzi mwembamba wa kahawia; ukikata kwenye kijani, kidonda kipya kitakauka vile vile.

Doa jeupe au la kahawia hafifu, kavu kama karatasi, juu ya jani

Jua. Watu hushangaa: "Lakini lilikaa dirisha hilo hilo tangu Desemba!" Ndiyo, na tangu Desemba jua limehama. Tuko kusini ya ikweta. Kuanzia Mei mpaka Julai linapita upande wa kaskazini, limelala, na hakuna wingu. Dirisha la kaskazini ambalo Desemba lilikuwa na kivuli sasa linaingiza jua mpaka katikati ya chumba. Pazia jepesi linatosha, au sogeza hatua moja ndani. Doa halifutiki.

Majani marefu, laini, ya kijani iliyokolea, yanaanguka pembeni

Kinyume cha hilo: giza. Bromelia ya kwenye korido inajinyoosha kutafuta mwanga na kupoteza umbo lake. Mahali unapoweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa panafaa. Irudishe kwenye mwanga kidogo kidogo kwa wiki mbili. Majani ya zamani hayatasimama, mapya ndiyo yatakayokuwa na umbo.

Nzuri, ya kijani, miaka inapita, haichanui

Kama ni mtoto uliyemtenga, mpe miaka miwili mpaka mitatu kwanza. Akiwa mkubwa na mwenye mwanga na bado anakuchezea, msaidie kwa ndizi. Tunda linaloiva linatoa gesi ya ethilini, na ethilini ndiyo inayoiambia bromelia kwamba wakati umefika. Mwaga maji ya kikombe, uingize mmea mzima ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, pamoja na ndizi mbili zilizoiva sana au tufaha, ufunge, uuweke kivulini siku 7 mpaka 10. Kisha utoe, urudishe maji, na usahau. Ukifanikiwa, miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mwingine zaidi, kikombe kitaanza kubadilika rangi katikati.

Wakulima wa nanasi wanajua jambo hili kwa njia nyingine: wanatia kabidi kidogo kwenye moyo wa mmea, ile ya mafundi wa kuchomelea. Inafanya kazi, lakini gesi yake inalipuka, na sebule si shamba. Kwenye visiwa vya Azores nanasi za ndani ya vibanda vya vioo huchanuliwa kwa moshi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama mmoja ambaye bromelia yake changa, ndogo kama ngumi, ilichanua jikoni karibu na mbabula. Tulidhani ni baraka. Huenda ilikuwa moshi tu.

Vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa kucha, au pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani

Vya kwanza ni vidugamba, vya pili ni vidung'ata. Wote wananyonya, na sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye mmea ndio watakaokuonyesha walipo. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, suuza vizuri, rudia kila baada ya wiki moja kwa mwezi mzima.

Usitumie mafuta ya aina yoyote. Mafuta ya kupikia, ya mawese, ya kung'arisha majani, yote yanaziba vile vigamba ambavyo mmea unanywea. Na Aechmea yenye vumbi la fedha kwenye majani usiifute hata kwa kitambaa kikavu. Vumbi hilo si uchafu, ni vigamba vyenyewe. Imwagie maji tu.

Mbu

Swali hili huulizwa na baba wa nyumba, aliyesimama nyuma akinyamaza muda wote. Ana haki. Maji yaliyosimama ni maji yaliyosimama. Mbu wetu wa malaria wanapenda zaidi vidimbwi vya ardhini vyenye jua, lakini wale wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana, wanazaa kwenye kopo, kwenye tairi, na kwenye kikombe cha bromelia pia. Ukiona vijidudu vinavyojipinda ndani ya maji, usimwage mafuta taa wala kupulizia dawa ya mbu. Utaua mmea kabla ya mbu. Pindua mmea kila wiki, siku ile ile, mwaga yote, suuza, jaza upya. Mbu anahitaji wiki nzima au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo anayepindua kila Jumapili hamlei mbu hata mmoja, na maji ya kikombe hayapati harufu.

Lini umtenge mtoto

Nimeliacha mwisho kwa sababu watu wana haraka nalo. Mtoto akiwa chini ya theluthi moja ya urefu wa mama, mwache, bado ananyonya. Akifika nusu, na chini yake ukaona mizizi hata mifupi, mtoe mama kwenye chungu, ushike mtoto chini kabisa, ukate kwa kisu safi ukimwachia kipande cha shina. Mwache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha mpande juu juu kwenye makala na tofali, umfunge kijiti, uweke maji kidogo kikombeni.

Yule wa jirani nilimtenga Novemba. Anakaa kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini, dirisha la mashariki, na ana majani tisa. Chungu cha shaba kiko pale pale sebuleni, kimewekwa rimoti na funguo za gari.